NDOO YA SABUNI ILIVYONIUMBUA KWA SHANGAZI

Mpenzi msomaji, wiki hii nakupa kisa changu mwenyewe. Si cha jirani, wala si cha yule "rafiki yangu mmoja" ambaye watu hujificha nyuma yake wakati aibu ni yao. Yangu nakupa mbichi. Ukitaka kucheka, cheka tu, nimeshazoea.

Kisa chenyewe ni cha sabuni ya maji. Ndiyo, hiyo hiyo ya kuoshea vyombo na kudekia, ambayo siku hizi kila nyumba ya tatu hapa mjini inaikoroga kwenye ndoo uani.

Mwaka juzi nilikuwa nimechacha vibaya sana. Stashahada ninayo, kazi sina, na nimepanga chumba kimoja Mbagala ambacho kodi yake ilikuwa inanukia. Ndipo shoga yangu akanivuta kwenye semina ya ujasiriamali ya siku mbili. Ada elfu 20, soda na andazi juu yao. Mwalimu alivaa tai, akatukorogea ndoo moja huku sisi tukiandika, tukapiga picha, tukapewa cheti chenye utepe mwekundu. Nikatoka pale najiona mkemia kamili.

Na kweli, ndoo yangu ya kwanza ilikubali. Nilipanda daladala hadi Kariakoo, nikanunua salfoniki lita moja, slesi, soda ashi (ule unga mweupe unaofanana na magadi), chumvi, rangi ya kijani na pafyumu ya limau. Nikakoroga kwa maji ya bomba, lita 20. Asubuhi yake sabuni ilikuwa nzito kama uji wa mgonjwa. Nikauza kwa majirani lita moja shilingi 1,500. Mshiko ukaingia.

Lakini mjini hakuna siri. Baada ya miezi miwili, mama wa chumba cha mbele naye anakoroga, na kaka wa duka la kona naye ana ndoo yake. Bei ikashuka, wateja wakagawanyika. Nikakaa kitandani nikawaza, na wazo lililonijia, mpenzi msomaji, lilikuwa la kitapeli kidogo ingawa wakati ule niliona ni akili. Nilijiambia hivi: kwa nini niuze sabuni wakati naweza kuuza maarifa?

Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi.

SAFARI YA KIJIJINI

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anaishi kijiji kimoja upande wa Kisiju. Ukitoka Rangi Tatu unapanda gari, unapita Vikindu, unafika Mkuranga, halafu unaingia barabara ya kuelekea pwani. Ni nchi ya minazi, mikorosho na mihogo. Kina mama wa kule wanasuka mikeka, wanauza nazi, na msimu wa korosho ukiwa mzuri wanacheka; ukiwa mbaya wananyamaza.

Nikampigia simu, nikamwambia nina mradi wa kuwainua wanawake. Nilitumia maneno yote ya semina: kujikwamua, kipato cha ziada, fursa. Shangazi hakuuliza maswali mengi. Mimi ni damu yake, na nina cheti. Ndani ya wiki moja akakusanya wanawake 14, kila mmoja na shilingi 8,000: elfu tatu ada yangu, elfu tano za kununulia malighafi ya kikundi. Piga hesabu, hiyo ni laki moja na elfu 12. Kwa wewe unayesoma hapa mjini inaweza kuwa hela ya kujirusha usiku mmoja. Kule, mmoja wa wale kina mama alitoa hela aliyokuwa ameweka ya viatu vya shule vya mwanawe. Hilo nililijua baadaye.

Nilifika Jumamosi nikiwa nimevaa miwani ya jua. Darasa likafanyika chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ya shangazi. Niliwapanga nusu duara, nikajishebedua mbele yao kama yule mwalimu wa tai. Nikawaambia, "Siri ya sabuni ni kukoroga upande mmoja tu. Ukigeuza mwiko, umeharibu!" Wakaitikia kwa pamoja. Nikamimina, nikakoroga, povu likapanda, watoto wakapiga makofi. Nikasema sabuni inalazwa usiku kucha, kesho itakuwa nzito. Nikachukua elfu 42 yangu, nikaacha ndoo ya kwanza na malighafi ya ndoo mbili zaidi, nikapanda gari la jioni.

Kesho yake mimi niko saluni nasuka rasta. Kwa hela ipi? Usiniulize.

SIMU ILIPOANZA KULIA

Jumatatu shangazi akapiga. "Mwanangu, mbona sabuni nyepesi?"

Nikamjibu kwa kujiamini: "Shangazi, mtakuwa mligeuza mwiko. Korogeni nyingine."

Jumatano akapiga tena. Ya pili nayo nyepesi, na sasa wameshauza baadhi kwa mama ntilie wa pale sokoni, naye amerudisha mbele ya watu. Anasema wametia maji. Nikamwambia nitampigia.

Sikumpigia. Alhamisi simu ikalia mara tano. Mimi jibu sina, mpenzi msomaji. Nilichojua ni kile kilichoandikwa kwenye daftari la semina, na daftari halikuwa na ukurasa wa "ikikataa". Basi nikafanya ujinga ambao hata leo nikiukumbuka masikio yanapata moto: nikazima simu. Siku nne.

Siku ya tano, kabla jua halijachomoza vizuri, nikasikia hodi. Nikafungua mlango nikiwa na kanga moja. Shangazi huyo! Kapu la ukili mkononi, vumbi miguuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Simu yako mbovu?"

"Chaji, shangazi. Umeme ulikuwa..."

"Siku nne?"

Nikatazama chini. Akaingia, akakaa kwenye stuli, akaanza kutoa vitu kwenye kapu. Nazi sita. Mihogo. Bahasha ya korosho. Yaani mtu nimemkimbia, na bado amenibebea zawadi! Mwisho akatoa chupa ya sabuni ya kijani, akaiweka sakafuni.

"Mimi sikuja kugomba," akasema. "Nimekuja unioshee hivyo vyombo vyako hapo kwenye beseni."

Nikaosha. Sabuni ilikuwa inachuruzika kama chai ya rangi. Povu lilikuwapo, tena la kutosha, lakini ukiimimina kwenye sponji inapita vidoleni moja kwa moja. Nani anunue sabuni ya namna hiyo? Hata mimi ningesema imetiwa maji.

Nikajitutumua: "Shangazi, nitarudisha hela zao."

"Hela utarudisha," akasema. "Ila kule sasa siitwi kwa jina langu. Naitwa mama maji ya rangi. Wale wanawake hawakukujua wewe. Walinijua mimi."

Akaaga. Chai hakunywa.

MBELE YA MASHAHIDI KUMI NA WANNE

Sitakudanganya kwamba siku ile ile niliokoka tabia. Nililia kwanza, kisha nikamlaumu mwalimu wa semina, kisha nikawalaumu wanawake kwa kugeuza mwiko. Nilipomaliza watu wa kuwalaumu, nikaenda kwa shoga yangu nikakopa elfu 50, nikanunua malighafi upya, na Jumamosi nikapanda gari.

Safari hii bila miwani.

Wanawake walikuja, si wote, kumi hivi, na baadaye wanne waliobaki wakajitokeza kuchungulia kasheshe. Nikawaamkia mmoja mmoja. Yule wa viatu vya mtoto aliitikia huku anatazama pembeni. Nikasema nitakoroga mwenyewe mwanzo hadi mwisho, wao watazame tu. Nikafuata daftari herufi kwa herufi. Salfoniki lita moja ndani ya maji. Soda ashi robo kilo, kidogo kidogo, maana ikikutana na ile asidi inatoa gesi na povu linapanda. Ukimwaga kwa mkupuo litakurukia. Slesi nusu lita. Kisha chumvi, robo kilo, nimeiyeyusha kwenye bakuli.

Kabla ya chumvi sabuni ilikuwa imeanza kushikana. Nikamimina ile chumvi. Nikakoroga upande mmoja, mkono unauma, jasho linatiririka. Na mbele ya macho yangu, mbele ya mashahidi 14, ikalegea ikawa maji.

Kimya. Mtu mmoja nyuma akacheka.

Kulikuwa na bibi mmoja pale, mzee sana, ambaye hakuwa hata kwenye kikundi. Alikuja tu kukaa kivulini. Akanyanyuka taratibu, akaenda kwenye ndoo ya maji ya kisima tuliyokuwa tunachotea, akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Binti, wewe ukipika wali unatia chumvi mara ngapi?"

"Mara moja, bibi."

"Basi hapa umetia mara mbili. Maji yetu haya yana chumvi toka kwa Mungu."

Nakuapia, msomaji, niliganda. Nilikuwa nimekunywa chai pale kwa shangazi mara ngapi tangu utotoni! Nimeoga yale maji, sabuni inakataa kutoa povu, ngozi inabaki inanata. Kijiji cha pwani, kisima kina maji ya chumvi, kila mtoto anajua. Mimi na cheti changu chenye utepe sikuwahi kuunganisha.

Nikaomba mabakuli mawili. Bakuli la kwanza nikatumia maji ya kisima, bila kutia chembe ya chumvi. La pili nikatumia maji ya mvua, ambayo shangazi alikuwa ameyakinga kwenye pipa, nikatia chumvi pinji kwa pinji. Yote mawili yakashika! Nikachukua mwiko nikaugeuza kulia, nikaugeuza kushoto, nikaukoroga hovyo hovyo makusudi. Ikabaki nzito vile vile. Basi ile habari ya upande mmoja nayo ilikuwa hadithi tu.

Baadaye niliuliza watu wanaojua, nikaelewa. Chumvi ndiyo inayoifanya sabuni ya aina hii iwe nzito, lakini ina mpaka wake. Ukifika kileleni sabuni inakuwa uji. Ukipita hapo inateremka upande wa pili na kulegea upya. Kwa maji ya bomba, robo kilo ilinifikisha kileleni. Kwa maji ya kisima kile, tulianza safari tukiwa tayari katikati ya mlima.

Ile ndoo mbovu hatukuimwaga. Tulikoroga nyingine bila chumvi, kwa maji ya mvua, tukachanganya zote mbili. Chumvi ikagawanyika, zote zikawa nzito. Yule wa viatu alikuwa wa kwanza kuingiza kidole na kukivuta juu kuona inavyoning'inia. Hakusema neno, lakini alitabasamu.

HESABU ISIYOSEMWA KWENYE SEMINA

Sasa hapa, mpenzi msomaji, ndipo nilipofundishwa darasa la pili. Kwenye semina tuliambiwa: ndoo inagharimu kiasi fulani, lita inauzwa kiasi fulani, zidisha, tajirika. Mimi niliwauzia wale kina mama wimbo huo huo. Lakini kijijini nani ananunua lita nzima? Watu wengi kule wanasugua sufuria kwa majivu na makumbi ya nazi, bure kabisa. Si wachafu, wana akili. Mwenye shilingi 1,500 mkononi ana mambo mengine ya kununua.

Dawa waliitoa wenyewe. Mmoja wao, muuza mafuta ya kula wa kupima, akasema: "Tupime kwa kikombe, kama mafuta. Mtu aje na chombo chake." Wakapata kikombe kidogo, kumi vinajaza lita moja, kikombe shilingi 200. Ndoo ya lita 20 inatoa vikombe 200, yaani elfu 40. Malighafi pamoja na nauli ya kuipeleka ilikuwa kama elfu 18. Faida elfu 22.

Gawa elfu 22 kwa watu 14 uone kama kuna utajiri. Hakuna. Kwa hiyo wakapangana zamu: kila wiki wanawake wawili wanakoroga ndoo moja na kuiuza, elfu tano inaingia kwenye kibubu cha kikundi, inayobaki wanagawana, elfu nane na mia tano kila mmoja. Zamu inazunguka kila baada ya wiki saba. Nisikudanganye, hela hiyo haijengi nyumba. Inanunua daftari na mafuta ya kupikia, na inamwezesha mtu kutosubiri msimu wa korosho ili apate hela ya panadol. Na ni ya kwake, hajaomba kwa mtu.

Elfu 42 zao nilizirudisha kwa awamu tatu, kwa simu. Ya mwisho ilipoingia, shangazi alinitumia ujumbe wa neno moja: "Imefika." Nikaulaza mkono kifuani nikapumua.

MANENO MACHACHE KWAKO

Najua kuna mtu anasoma hapa naye anapanga kwenda kwao na ndoo na cheti. Nenda, ndugu yangu, ni jambo jema. Lakini nisikilize mimi niliyeumbuka.

Kwanza, salfoniki ni asidi kali. Vaa glavu, na usiwaache watoto wasogee. Nunua karatasi za kupimia asidi, ni rahisi tu. Sabuni ikibaki na asidi nyingi itababua mikono ya wateja, na hao hawarudi. Kostiki ya sabuni ya mche ndiyo hatari zaidi: siku zote mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, na usitumie sufuria ya alumini, maana inaliwa.

Pili, hizi chupa za maji ya kunywa na soda tunazojazia sabuni ya rangi tamu tamu, mtoto hajui kusoma. Kule kwa shangazi kila chupa inafungwa utambaa mwekundu shingoni na kuwekwa juu. Wazo si langu, ni la shangazi.

Tatu, semina nyingi zinafundisha kutia formalini ili sabuni isiharibike. Tangu mwaka 2004, wataalamu wa saratani wa IARC, taasisi iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliiweka formaldehaidi, ambayo ndiyo imo ndani ya formalini, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sisi tuliiacha. Tunakoroga kidogo na kuuza upesi.

Nne, ukitaka kujifunza, SIDO wapo tangu mwaka 1973 na kazi yao ni hiyo hiyo ya viwanda vidogo. Ukitaka kuingiza sabuni madukani, utahitaji kuonana na TBS. Na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina fungu lao la asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo isiyo na riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Wenzangu wa kule wanafuatilia, na makaratasi hayo nawasaidia bila ada.

Na ukifika kijijini, kabla hujafungua daftari lako, omba maji ya kunywa. Uyaonje kweli kweli.

Mwezi uliopita nilikwenda kusalimia. Yule mama wa viatu sikumkuta. Nikaambiwa amekwenda kijiji cha jirani, ameitwa kufundisha sabuni. Ada yake kuku mmoja kwa darasa zima, na anapokea baada ya sabuni kulala usiku na kuamka nzito, si kabla. Wanasema akifika, jambo la kwanza anachovya kidole kwenye ndoo ya maji.

Shangazi alinipa stuli nikae. Nikamwambia naona siku hizi hawanihitaji tena.

"Tunakuhitaji," akasema, akanisogezea beseni la vyombo. "Osha hivyo."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.